Simbamarara aliyefika Bariadi

Pori la Akiba la Maswa lina simba, chui na fisi wa kutosha kumnyima mchungaji usingizi. Simbamarara hayumo, wala hajawahi kuwamo. Lakini simama saa nne asubuhi, watoto wakishamaliza uji, kando ya uzio wa shule ya chekechea inayofundisha kwa Kiingereza mjini Bariadi, Usukuma, na huenda ukasikia simbamarara akikamatwa. Watoto sita wamefanya duara, kila mmoja kanyoosha mguu mbele. Wa saba ameinama, kidole chake kinaruka kiatu hadi kiatu kwa mapigo ya "Eeny, Meeny", wimbo wa kuamua nani aanze kukimbiza wenzake. Kiatu kinachoangukiwa na neno la mwisho kinatolewa. Katikati ya wimbo simbamarara anashikwa kidole cha mguu, na hakuna mtoto anayeuliza amefikaje huku.

Aliletwa kuziba nafasi ya mtu. Mwaka 1888 Mmarekani Henry Carrington Bolton alichapisha kitabu cha mashairi ambayo watoto hutumia kuhesabiana kabla ya mchezo, na la "Eeny, Meeny" limo. Katika maneno yaliyokuwa vinywani mwa watoto wa shule wa Marekani wakati ule, anayeshikwa kidole cha mguu ni mtu mweusi, tena katajwa kwa tusi tusilolichapa hapa. Iona na Peter Opie wa Uingereza walilichapa hivyo hivyo mwaka 1951 katika kamusi yao ya nyimbo za watoto iliyotolewa na Oxford. Baadaye wazazi na walimu wakaona haya, mtu akatolewa, akawekwa mnyama. Watu wazima hawakusahau. Mwaka 2014 mtangazaji wa BBC, Jeremy Clarkson, aliomba radhi baada ya kuvuja kipande cha video ambacho hakikurushwa, akisikika kama anamung'unya maneno ya zamani.

Tuutendee haki wimbo wenyewe. Zile silabi zake zisizo na maana zina ndugu katika mashairi mengine ya kuhesabiana yasiyomtaja mtu mweusi kabisa. Ulichafuliwa njiani. Mwenzake, ule wa watoto kumi wanaopungua mmoja mmoja, ulizaliwa mchafu.

Huo aliutunga Septimus Winner wa Philadelphia mwaka 1868, akiwacheka wenyeji asilia wa Marekani. Mwaka uliofuata Frank Green akauandika upya huko London na kuwaweka watoto weusi mahali pao. Aliuandikia majukwaa ambako wanaume wa Kizungu walijipaka masizi usoni, wakajifanya watumwa, na watazamaji wakalipa kiingilio ili wacheke. Mtoto mmoja anasakamwa na chakula anakufa, wanabaki tisa. Mwingine anapitiwa na usingizi, wanabaki wanane. Kila anayetoweka ni kichekesho na somo la kutoa kwa wakati mmoja. Wajerumani walipata toleo lao mwaka 1885, mwaka ule ule Carl Peters na kampuni yake walipopewa hati ya Kaiser ya kuitwaa nchi hii, Usukuma ukiwemo baadaye. Agatha Christie aliujengea riwaya mwaka 1939 na kuipa jina la wimbo. Wamarekani walibadili jina hilo mwaka 1940, Waingereza wakangoja hadi miaka ya 1980, Wafaransa hadi 2020. Kwenye simu ya mama yeyote wa Bariadi wimbo huo bado unapatikana, wenye katuni zinazorukaruka, mara wakiwa Wahindi Wekundu, mara nyani, mara vidole tu.

Ungedhani nyimbo hizi zililetwa huku na wamisionari. Sidhani. Wamarekani wa Africa Inland Mission walipopokea kituo cha Nassa, leo wilayani Busega, kutoka kwa Waanglikana mwaka 1909, walikuja na tenzi, na waliobatizwa walitakiwa kuziacha ngoma. Shule za wakoloni nazo zilitengwa kwa rangi, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, hadi sheria ya elimu ya 1961 ilipofuta utaratibu huo. Kwa hiyo Nyerere alipohutubia Bunge Desemba 1962 na kutangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alilalamika kwamba tuliosoma tulifundishwa dansi za Kizungu huku ngoma zetu hatuzijui hata kwa majina. Kisha likaja Azimio la Arusha, ikaja Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikashika shule zote za msingi za serikali. Mtoto wa Bariadi akacheza "Ukuti", wimbo wa mnazi na upepo wa pwani, mahali ambapo mnazi hauoti. Nao ulitoka mbali, lakini hakuna aliyedhalilishwa ndani yake, na sijasikia mzee wa Kisukuma akiulalamikia.

Mlango ulifunguka tena miaka ya 1990, shule binafsi za msingi ziliporuhusiwa kufundisha kwa Kiingereza. Mzazi aliyeuza pamba akalipa ada, akanunua tai na soksi nyeupe, na wimbo ukaja ndani ya kifurushi hicho bila kukaguliwa na mtu.

Sasa, Usukuma si mahali pa kumfundisha mtu aibu ya kutukana kwa wimbo. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Kwa masimulizi ya wazee, uhasama huo ulianza karne ya 19 kati ya waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Ningi (kwa wingi baningi), yaani mtunzi na mwimbaji, humchamba mpinzani wake kwa jina, ukoo, umaskini na hata sura. Ila mpinzani yuko pale pale, hatua chache, ana ngoma yake na zamu yake, na kesho yake atajibu. Mtani wa Kizaramo naye humjibu Msukuma, mara nyingi kwa ukali zaidi. Ukumbi wa London haukuwa na Mwafrika wa kumjibu Frank Green. Hapo ndipo ninapochora mstari, wala sioni sababu ya kutafuta kipimo kingine.

Kipimo hicho kinaturudia wenyewe, na hakitupendelei. Mtoto mwenye ualbino anayepita njiani kwenda shule na kofia yake pana huitwa majina kwa sauti ya mchezo, wenzake wakiitikia, na hana kundi la kumsaidia kujibu. Hii ndiyo Kanda ya Ziwa iliyoshuhudia mauaji ya watu wenye ualbino kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Mei 2014 mwanamke mmoja aliuawa humu humu mkoani Simiyu. Mwalimu anayemfukuza simbamarara darasani akaacha majina hayo yaendelee kuimbwa uwanjani amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Wimbo wa kuhesabiana ni kitu chepesi. Unahitaji mapigo, maneno machache na neno la mwisho linaloanguka kwa kishindo. Baningi hutunga vizito kuliko huo kila msimu, na wimbo wa mwaka jana hakuna anayeulilia. Shule yenye mabibi na mababu wanaokuja kuchukua wajukuu getini haina haja ya kusubiri waraka kutoka Dodoma. Waulizwe wao walihesabianaje walipokuwa wakichunga, na watoto waachiwe kuuharibu wimbo huo wanavyotaka.