Sambaza Naye Alitoka Kwingine

Leo historia yetu inaanzia kwenye sahani.

Hapa Kinyinya wengi wetu tumetoka Goma, Bukavu, Minova na kando kando ya Kivu. Siku tukipata sambaza wabichi kutoka Rubavu, nyumba nzima inachangamka. Unawakaanga na chumvi na ndimu, unawala na vichwa vyao, na lazima kuna mtu atasema: "Huyu ndiye samaki wa kwetu kabisa."

Sasa sikieni. Wazee wenye walizaliwa kando ya Kivu kabla ya vita vya pili vya dunia hawakumjua sambaza utotoni. Hakuwepo.

Kivu ni ziwa lililozibwa na volkano za Virunga. Maji yake yanashuka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika, karibu mita 700 chini, kupitia mabonde na maporomoko. Samaki wa Tanganyika hakuweza kupanda. Kwa hiyo Kivu ilikuwa na aina chache za samaki, wengi wa ufukweni, na pale katikati hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya majini.

Kati ya 1958 na 1960, wakati wa utawala wa Wabelgiji, watoto wa samaki walichukuliwa Tanganyika wakamwagwa Kivu. Walikuwa aina mbili za jamaa ya ndagala. Yule aliyetegemewa zaidi alishindwa. Mwenzake, Limnothrissa, ndiye alibaki, akazaa, akajaza ziwa. Ndiye sambaza.

Lakini samaki kuwa ziwani si kusema yuko sahanini. Watu walipaswa kujifunza kumvua. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa, taa zinawashwa. Sambaza anafuata mwanga. Usiku wa mbalamwezi kubwa kazi inakuwa ngumu, juu mwanga uko kila mahali. Wavuvi wanapiga kasia wakiimba, na asubuhi wamama wanangojea ufukweni na mabeseni. Upande wa Rwanda, kila mwaka uvuvi unafungwa karibu miezi miwili ili wadogo wakue.

Tusidanganyane, kuja kwake kulikuwa na gharama. Kuna kijidudu kimoja kikubwa cha majini ambacho sambaza alikila mpaka kikapotea Kivu. Historia ya kweli inasema yote mawili.

Tena binadamu si samaki. Sambaza alibebwa na serikali, sisi tulikimbia. Yeye alikuta maji ya katikati hayana mwenyewe. Sisi tumekuta majirani, na lazima tuishi nao vizuri.

Lakini kitu kimoja kinanigusa. Kwa miaka sitini na kitu tu, mgeni amekuwa "wa kwetu kabisa". Hakuwa wa kwetu kwa kuzaliwa hapo tangu zamani. Alikuwa wa kwetu juu ya mikono: wenye kuvua, wenye kuanika, wenye kuuza, wenye kupika. Kwa hiyo mtu akikuambia "wewe si wa hapa," usikasirike haraka. Kuwa wa mahali ni kazi, na kazi hiyo inafanyika kila siku.

Na nyinyi mnaofanya kazi na wakimbizi, mkimuuliza mzee alikula samaki gani utotoni, kaeni chini kwanza. Jibu lake si fupi.