Tumbaku nyumbani: Jinsi ya kuhifadhi majani na biri katika hewa ya unyevu ya Busia

UNYEVU wa hewa ni rafiki wa tumbaku na pia ni adui yake. Jani likikauka kupita kiasi huvunjika na kuwa unga mkononi. Likinywa maji mengi huota ukungu kwa muda wa siku chache. Katika Kaunti ya Busia, kuanzia Malaba na maeneo ya Teso hadi Budalang'i ambako Mto Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, hatari ya pili ndiyo kubwa zaidi. Mashauri mengi kuhusu kazi hii yaliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako shida ni ukavu, na anayeyafuata neno kwa neno akiwa kando ya ziwa huishia kuharibu mali yake.

Watu wa aina tatu huweka tumbaku nyumbani katika sehemu hizi. Wa kwanza ni mkulima, hasa wa Teso na eneo jirani la Malakisi, ambaye hupanda kwa mkataba tumbaku ya kukaushwa kwa moshi na kusubiri siku ya kuuza. Wa pili ni mzee anayehifadhi majani machache ya kiko au ya kusaga ugoro. Wa tatu, ambao ni wachache, ni wale waliopokea au kununua biri, ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi, na wanaotaka ikae miezi au miaka bila kuharibika. Kanuni zinazowahusu wote watatu ni zile zile, ingawa mkulima ndiye mwenye cha kupoteza. Mbolea na dawa alizipata kwa mkopo unaokatwa kwenye malipo ya majani, hivyo robota likishushwa daraja kwa sababu ya ukungu, deni hubaki pale pale na karo ya watoto ndiyo inayopungua.

Jani la tumbaku, hata baada ya kukauka, huendelea kunywa na kutoa maji kulingana na hewa inayolizunguka. Kwa biri, kiwango kinachofaa cha unyevu wa hewa ni kati ya asilimia 65 na 70. Kikipita asilimia 75 kwa muda mrefu, biri huvimba, jani lake la nje hupasuka na ukungu huanza. Kikishuka chini ya asilimia 60, mafuta yanayoipa harufu hupotea, na hata ikirudishiwa unyevu baadaye harufu hiyo hairudi yote. Joto linalopendekezwa ni nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Hapo ndipo mkazi wa Budalang'i hupata taabu, kwa kuwa mchana wa huko mara nyingi hukaribia nyuzi 30. Palipo na joto kama hilo ni busara kushusha unyevu hadi asilimia 62 au 65, kwa sababu ukungu na wadudu hupenda mahali penye joto na maji kwa pamoja.

Anayeanza hudhani kwamba lazima anunue sanduku la mbao la bei ghali. Si lazima. Sanduku la mbao huruhusu hewa kupenya, na msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, hewa inayopenya ni ile ile ya nje iliyojaa maji. Chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, chenye kifuniko kinachobana barabara, hufanya kazi vizuri zaidi, mradi kioshwe na kuachwa wazi hadi harufu yote iishe. Kiwekwe kwenye chumba chenye kivuli, mbali na paa la mabati na mbali na jiko.

Kuhusu mbao, lipo kosa ambalo mafundi wa hapa nchini hulifanya kwa nia njema. Masanduku ya biri hutengenezwa kwa mti ambao wageni huuita mwerezi wa Kihispania, na fundi akisikia mwerezi huchukua mtarakwa wa milima ya Kenya. Hiyo ni miti miwili tofauti kabisa. Ule wa masanduku, Cedrela odorata, ni wa jamii ya mkangazi na asili yake ni Amerika ya kitropiki. Tanzania uliletwa kupandwa, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umeenea hadi kuwa kero kwa miti ya asili. Mtarakwa una harufu kali kama ya penseli mpya, nayo huingia ndani ya tumbaku isitoke tena. Asiye na hakika na ubao alio nao ni heri asiweke ubao wowote.

Kifaa cha kupima unyevu ni cha lazima, nacho hakiaminiki mpaka kijaribiwe. Njia ya kukijaribu ni rahisi. Chukua kijiko kimoja cha chumvi ya mezani, ukiweke kwenye kifuniko cha chupa, kisha udondoshe matone machache ya maji mpaka chumvi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka. Weka kifuniko hicho pamoja na kifaa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uache usiku kucha. Hewa iliyofungiwa pamoja na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Kifaa kikionyesha 70, basi kinapunguza tano, na kila kipimo cha baadaye kirekebishwe hivyo.

Wakati wa kiangazi unyevu unaweza kuongezwa kwa kipande cha sponji kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa. Maji ya mtoni au ya bomba hayafai kwa kuwa yana madini na vijidudu. Vipo pia vipakiti vya kuuzwa vinavyotoa unyevu hewa ikikauka na kuufyonza ikizidi, na kwa mtu wa Budalang'i kule kufyonza ndiko kwenye thamani.

Adui mwingine ni mdudu wa tumbaku, ambaye wataalamu humwita Lasioderma serricorne. Ni kijidudu cha rangi ya kahawia, urefu wake milimita mbili hadi tatu, na hutaga mayai ndani ya jani ambako hayaonekani kwa macho. Penye baridi hachipuki, lakini katika joto la Busia hukua mwaka mzima. Dalili yake ni vitundu vidogo vya mviringo na unga laini chini ya biri. Tiba ni baridi kali. Biri zifungwe ndani ya mifuko miwili, ziwekwe kwenye friza siku tatu au nne, zihamishiwe kwenye jokofu la kawaida kwa siku moja, ndipo zitolewe nje zingali zimefungwa hadi zipate joto la chumba. Anayeruka hatua ya jokofu hukuta jani la nje limepasuka. Penye umeme unaokatika kila mara, friza lisilogandisha sawasawa haliui mayai.

Kukomaza ni suala la subira tu. Biri mpya huwa na harufu ya amonia iliyobaki tangu majani yalipochachushwa katika malundo. Ikiachwa miezi mitatu na kuendelea harufu hiyo hufifia na ukali hupungua. Chombo kifunguliwe kwa dakika chache kila wiki moja au mbili, si kila siku. Biri zisichanganywe kamwe na majani ya Teso yaliyokaushwa kwa moshi, kwani moshi huo hutawala kila kitu.

Kwa mkulima, kazi huanza pale majani yanapotoka kwenye bani. Yashikwe asubuhi na mapema, hewa ya usiku ikiwa imeyalainisha, mchana huvunjika. Yapangwe juu ya chanja au mbao zilizoinuliwa kutoka sakafuni, vikonyo vikitazama nje, kwa maana kikonyo ndicho hukauka mwisho. Kila baada ya siku kadhaa mkono uingizwe katikati ya lundo. Ukisikia joto, lundo lifumuliwe na kupangwa upya, la ndani likija nje. Lifunikwe kwa gunia la katani au mkeka, si kwa karatasi ya plastiki inayofungia jasho, wala si kwa gunia la nailoni ambalo nyuzi zake zikionekana ndani ya robota humponza muuzaji.

Lundo hilo lisikae jikoni wala chumba cha kulala, jambo ambalo katika nyumba ndogo ni gumu lakini ni la lazima. Nikotini ya majani mabichi au yaliyolowa hupenya ngozi na kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika, na watoto huathirika upesi zaidi. Aidha, tumbaku iliyohifadhiwa penye joto na unyevu mwingi huongeza kemikali zinazosababisha saratani, na ile ya moshi huwa nazo nyingi tangu mwanzo. Kukomaza biri hakuipunguzii madhara. Hata asiyevuta moshi wake hadi mapafuni hujiweka katika hatari ya saratani ya mdomo na koo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Katika Kaunti ya Migori mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ulianza 2022 kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, na maharagwe nayo, ni kweli, yanahitaji ghala kavu.

Anayeingia kupitia vituo vya Busia au Malaba akiwa na biri akumbuke kwamba sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humsamehe ushuru msafiri mtu mzima kwa tumbaku ya kila aina isiyozidi gramu 250 kwa jumla.

Mafuriko ni habari nyingine. Mwaka 2007 na tena 2020, familia nyingi za Budalang'i zilihama na kile walichoweza kubeba kichwani. Kilichohifadhiwa darini ndani ya chombo kilichobana huweza kusalimika. Jani lililoguswa na maji ya mafuriko halikaushwi tena likafaa. Lizikwe shimoni mbali na kisima. Lisitupwe mtoni wala kuachwa mahali mbuzi wanapopita, kwani nikotini huua samaki na mifugo.