Hesabu za bei na punguzo: majibu mawili, unachukua lipi?

Wadau, kuna maswali ya Form Two yanayowaliza wengi mpaka leo: yale ya bei na punguzo yanayoishia kwenye x². Kanuni watu wanaikariri vizuri tu. Wanapokwama ni kuigeuza hadithi iwe mlinganyo, halafu kujua jibu lipi ni la kuchukua, maana mlinganyo wa kipeo cha pili mara nyingi unakupa mawili.

Haya, twende Kariakoo. Mama kanunua vitenge vya bei moja, jumla 120,000. Muuzaji angempunguzia 2,000 kwa kila kitenge, hela ileile ingempatia vitenge 3 zaidi. Kitenge kimoja kauziwa bei gani?

Kwanza punguza sifuri, piga hesabu kwa maelfu: 120 na 2. Bei tuiite x. Idadi ya vitenge alivyopata ni 120/x. Kwa bei ya punguzo angepata 120/(x − 2). Tofauti yake ni 3:

120/(x − 2) − 120/x = 3

Zidisha kila kitu kwa x(x − 2). Upande wa kushoto x zinakufa, inabaki 240 = 3x(x − 2). Gawanya kwa 3, panga vizuri:

x² − 2x − 80 = 0

Tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata −80 na ukizijumlisha unapata −2. Ni −10 na 8. Kwa hiyo (x − 10)(x + 8) = 0, yaani x ni 10 au −8. Hiyo −8 maana yake muuzaji akulipe 8,000 ili uchukue kitenge chake. Nani huyo? Tupa. Bei ni 10,000. Hakikisha: kwa 10,000 anapata 12, kwa 8,000 anapata 15. Imekaa. (Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha karne ya 9 ndicho kilichotupa neno aljebra, majibu hasi hakuyahesabu kabisa.)

Sasa punguzo juu ya punguzo, hapa ndipo watu wanapigwa hata dukani. Viatu vya 50,000 vimepunguzwa mara mbili kwa asilimia ileile, sasa ni 32,000. Asilimia ngapi kila mara? Wengi wanasema: imeshuka 18,000, ambayo ni 36%, gawa kwa mbili, 18%. Si kweli! Punguzo la pili linakatwa kwenye bei ambayo tayari imeshuka. Andika hivi, r ikiwa ni punguzo kwa desimali:

50,000(1 − r)² = 32,000

(1 − r)² = 0.64, basi 1 − r ni 0.8 au −0.8. r ni 0.2 au 1.8. Punguzo la 180% halipo, jibu ni 20%. Kwa hiyo ukiona tangazo la "20% na 20% tena", ujue hiyo ni 36%, siyo 40%.

Lakini msizoee kutupa jibu moja kila mara. Chukua kafe inayotoza 1,000 kwa saa na kuuza saa 60 kwa siku. Tuseme kila ikishusha 100, inauza saa 10 zaidi. Mwenyewe anataka 63,000 kwa siku. Akishusha mara x:

(1,000 − 100x)(60 + 10x) = 63,000

Fungua mabano, gawanya kwa 1,000, utapata x² − 4x + 3 = 0, na x ni 1 au 3. Yote mawili sahihi! Kwa 900 anauza saa 70, kwa 700 anauza saa 90, zote 63,000. Sisi wateja tungependa 700, yeye labda atataka 900 mashine zipumzike.

Akitamani 65,000 je? Inakuwa x² − 4x + 5 = 0. Ndani ya kipeuo, b² − 4ac ni 16 − 20 = −4. Hasi, hakuna jibu. Katikati ya 1 na 3 kuna 2: bei 800, saa 80, 64,000. Kwa hesabu hizo, hapo ndiyo mwisho wa mapato yake.