Kutoka kuigizwa hadi kuigiza: Jukwaa, ulemavu na vijana wa Laini Saba

WAHENGA walituachia methali mbili kuhusu ulemavu ambazo wengi wetu tulizikariri tungali shule ya msingi. Ya kwanza ni ‘Hujafa hujaumbika’. Ya pili ni ‘Mcheka kilema hafi bila kumfika’. Zote mbili ni methali za maonyo, na ni maonyo mazuri. Hata hivyo, hebu tujiulize: anayeonywa ni nani? Ni yule asiye na ulemavu. Mwenye ulemavu mwenyewe hasemi lolote ndani ya methali hizi wala hasemeshwi. Anasemwa tu.

Hali hii ya kusemwa ndiyo ningependa tuijadili leo kupitia historia ya maigizo jijini Nairobi. Swali langu linawahusu hasa vijana wa mitaa kama Laini Saba kule Kibera. Mwanafunzi asiyeona, asiyesikia au anayetumia kiti cha magurudumu anapojiunga na kundi la maigizo pamoja na wenzake wa rika moja, anajiunga kama nani? Kama mada ya mchezo, au kama mwigizaji?

Tuanze na msamiati. Maneno mengi ya kale yanayotaja ulemavu yanapatikana katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibyongo. Wapo wanaodai kuwa ngeli hii humshusha binadamu hadi kiwango cha kiti na kijiko. Dai hilo lina uzito wake, lakini halijitoshelezi. Kijana naye yumo humo humo; kadhalika kiongozi, kinara na kipenzi. Isitoshe, upatanisho wa kisarufi unamtambua mtu kama mtu: twasema ‘kipofu amefika’, hatusemi ‘kipofu kimefika’. Tatizo halikuanzia kwenye kiambishi. Lilianza pale hali moja ya mwili ilipofanywa kuwa jina la mtu mzima, akaitwa kwayo asubuhi na jioni hata jina alilopewa na wazazi likasahaulika.

Ndiyo maana msamiati umekuwa ukibadilika, kutoka ‘kilema’ hadi ‘mlemavu’, kisha ‘mtu mwenye ulemavu’. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ililipa suala hili uzito wa kisheria. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Kifungu cha 120 kinaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Ni sheria chache mno zinazotuambia namna ya kutumia nomino. Hii ni mojawapo.

Lakini nomino peke yake haitoshi. Unaweza kumwita mtu ‘mwenye ulemavu’ kwa adabu zote, kisha ukaendelea kumsemea. Ili kujua hali halisi ya mtu katika jamii, sharti tutazame vitenzi vinavyoambatana naye. Je, yeye hutenda, hutendewa, au hutendana na wenzake? Wanafunzi wangu wa sarufi hudhani kauli za vitenzi ni za kupitia mtihani tu. Mimi naona historia ya jukwaa letu inaweza kusimuliwa kwa kauli hizo tatu.

Kibera yenyewe ilizaliwa na jeshi. Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwapa askari Wanubi, wenye asili ya Sudan, makazi katika msitu uliokuwa pembezoni mwa Nairobi. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Mnamo 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Wenyeji husimulia kwamba jina Laini Saba nalo lilitokana na mstari wa saba wa uwanja ambao askari walitumia kufanyia mazoezi ya kulenga shabaha. Leo Laini Saba ni wadi mojawapo kati ya tano za eneobunge la Kibra.

Elimu ya wasioona nchini nayo ina chimbuko linalokaribiana na hilo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Jeshi la Wokovu lilianzisha huduma za kuwasaidia askari waliojeruhiwa vitani, na kutokana na juhudi hizo ikazaliwa shule ya wasioona ya Thika mnamo 1946. Shule nyingine maalumu zilifuata, za viziwi na za watoto wenye ulemavu wa viungo. Shule hizi zimewafaa watu wengi mno na hatuna budi kuzishukuru. Lakini nyingi zilikuwa za bweni na mbali na nyumbani. Mtoto aliondoka kijijini au mtaani angali mdogo, akarejea likizoni kama mgeni. Wenzake wa rika hawakumjua, naye hakuwajua. Elimu aliipata, ila rika alilipoteza.

Huku jijini, jukwaa nalo lilikuwa na wenyewe. Jumba la Kitaifa la Maigizo la Kenya lilifunguliwa mnamo 1952, wakati wa ukoloni, na kwa miaka mingi lilitawaliwa na makundi na michezo ya Wazungu. Tamasha la maigizo la shule lilianza mwaka 1959. Hata baada ya uhuru, waandishi wa Kiafrika walisukumana kupata nafasi katika jumba hilo. Mnamo 1976, The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong’o na Mĩcere Mũgo, ilitengewa siku chache tu humo.

Vyuo vikuu vilijaribu njia nyingine. Makerere ilianzisha kundi lake la maigizo ya kusafiri mwaka 1965, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata katika miaka ya sabini. Wanafunzi walipanda mabasi, wakawapelekea wananchi michezo vijijini na mitaani bila malipo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mkulima alibaki kuwa hadhira. Aliyevaa jembe begani jukwaani alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu.

Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ndiko mambo yalikobadilika. Mnamo 1977 wakulima na wafanyakazi walishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuandaa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Wakulima waliigiza wakulima, na wakawasahihisha waandishi walipokosea lugha na maisha yao. Serikali ilipiga marufuku mchezo huo mwaka huo huo, Ngũgĩ wa Thiong’o akawekwa kizuizini, na mnamo 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Mbona serikali iogope mchezo wa wanakijiji? Ni kwa sababu watu waliokuwa wakisemewa walikuwa wameanza kusema.

Funzo hilo halikubomolewa pamoja na ukumbi. Mnamo 1994, magharibi mwa Nairobi, karibu na Kawangware, mwigizaji Anne Wanjugu alianzisha Shangilia Mtoto wa Afrika, akawakusanya watoto waliokuwa wakiishi barabarani na kuwafunza maigizo na sarakasi. Watoto ambao mji uliwaita ‘chokoraa’ walipanda jukwaani wakashangiliwa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, vijana wa Kibera nao walitumia michezo ya mitaani kuhubiri amani.

Basi ukiitazama safari hii, utaona kwamba kila kizazi kilimfungulia mlango mtu mmoja aliyekuwa akiigizwa na wengine. Mwafrika aliingia, mkulima akaingia, mtoto wa barabarani akaingia. Mwenye ulemavu amekuwa wa mwisho kwenye foleni hii.

Na si kwetu tu. Kwa karne nyingi, Richard III wa Shakespeare ameigizwa na watu wasio na kibyongo waliojifunga nguo mgongoni. Kundi la kitaifa la maigizo la viziwi lilianzishwa Marekani mwaka 1967, na kule London kundi la Graeae, la waigizaji wenye ulemavu, likaanzishwa mwaka 1980. Hapa kwetu, bado tunawaona wachekeshaji wakijitia kigugumizi au kuchechemea ili watu wacheke. Mcheka kilema, kumbe, siku hizi hulipia tiketi!

Kisheria, mambo yamewekwa wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Kenya ikauridhia mwaka 2008. Kifungu chake cha 30 kinazungumzia haki ya kushiriki katika utamaduni, ikiwemo nafasi ya kukuza vipaji vya sanaa. Wizara ya Elimu ilitoa sera ya wanafunzi wenye ulemavu mwaka 2018, inayohimiza elimu jumuishi. Kibera ina mifano ya elimu ya aina hiyo, kama vile kituo cha Little Rock, kilichoanzishwa mwaka 2003, ambako watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu husomea pamoja tangu utotoni. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu 900,000 wenye ulemavu nchini, yaani asilimia 2.2 ya walio na umri wa miaka mitano na zaidi. Hao si wachache wa kusahaulika.

Sasa turejee kwa yule kijana wa Laini Saba na wenzake. Maigizo jumuishi humpa mwelekezi rika, yaani kijana mwenzake asiye na ulemavu anayefanya mazoezi naye. Baadhi ya watu hudhani utaratibu huu ni wa kigeni. Si kweli. Dhana ya rika ni yetu tangu jadi: waliotiwa jandoni pamoja walifunzana na kulindana maisha yao yote. Pwani kulikuwa na kungwi na somo waliomwongoza mwari, na mafunzo ya unyago yalitolewa kwa nyimbo, ngoma na uigizaji. Maigizo na malezi vilikwenda sako kwa bako.

Hata hivyo, kuna hatari hapa, na ndiyo kiini cha makala haya. Mwelekezi rika anaweza kugeuka msemaji. Chukua kundi lenye kijana kiziwi na mwenzake anayesikia. Iwapo anayesikia atasimama mbele akatoa maneno, na kiziwi akaachwa nyuma akipunga mikono kama pambo, tumerudi kwenye kusemewa. Lakini wawili hao wanaweza kugawana mhusika mmoja, huyu kwa ishara, yule kwa sauti. Hapo anayesikia hana budi kujifunza ishara na kumngoja mwenzake amalize kauli yake. Hadhira ya viziwi inamfuata mmoja, ya wanaosikia inamfuata mwingine, na hakuna anayebaki nje.

Mwigizaji asiyeona naye hulibadilisha kundi zima. Mkeka au kamba sakafuni humwonyesha mpaka wa jukwaa kwa nyayo. Wenzake hulazimika kuacha kuashiriana kwa macho, wakatumia makofi, vishindo au wimbo. Kijana mwenye ulemavu wa akili huenda asiweze kukariri kurasa 20 za mswada. Lakini ni nani aliyesema sharti kuwe na mswada? Fanani wa ngano hana mswada. Hutunga papo hapo, huku hadhira ikimchochea. Fasihi simulizi yetu ni jumuishi zaidi kuliko vitabu tunavyotahinia.

Tazama vitenzi vinavyojitokeza katika mazoezi ya namna hii: kungojana, kufunzana, kushikana mkono, kusikizana. Vyote ni vya kauli ya kutendana. Kusaidia si kubaya, ila msaidizi huwa juu na msaidiwa huwa chini. Kusaidiana hakuna juu wala chini.

Tusijidanganye kwamba nia njema inatosha. Vichochoro vya Laini Saba ni vyembamba, mitaro iko wazi, na mvua ikinyesha kiti cha magurudumu hakipiti. Kijana anaweza kuwa na kipaji cha ajabu na akakosa mazoezi wiki nzima kwa sababu ya tope. Mzazi anayetegemea kibarua cha siku hawezi kuacha kazi ili kumbeba mwana hadi ukumbini. Ajabu ni kwamba uwanja wa mtaani, ambako watu husimama duara na kumzunguka mwigizaji, hauna ngazi hata moja, ilhali kumbi zetu nyingi za fahari zina ngazi za kupandia jukwaani. Ukumbi ni wa kufikika. Njia ya kuufikia ndiyo imeziba.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wenzangu wanaotunga michezo ya tamasha la kitaifa. Shule maalumu hushiriki katika tamasha hilo na hufanya kazi ya kupigiwa mfano. Lakini wanafunzi wenye ulemavu walio katika shule za kawaida bado huachwa kwenye viti vya watazamaji, au hupewa nafasi ya ombaomba anayehurumiwa mwishoni mwa mchezo. Mpe nafasi ya hakimu. Mpe ya mwizi, ya mpenzi, ya mfalme mbaya. Mhusika mwenye ulemavu ana haki hata ya kuwa mtu mbaya, na wala ubaya wake usitokane na mwili wake. Na kabla ya kuandika maneno yake, muulize yeye angeyasemaje.

Wahenga walinena pia kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo. Methali hii nayo husemwa zaidi na wanaoona. Siku kijana asiyeona wa Laini Saba atakapoisema jukwaani kwa sauti yake, katika mchezo aliousuka na wenzake, nina hakika tutasikia ndani yake maana ambayo sisi tuliokuwa tukimsemea hatujapata kuisikia.