Mugariga

Mugariga ni jina la Kisonjo (Kitemi) la kichaka cha dawa ambacho Kiswahili hukiita mtandamboo, Wamaasai olamuriaki na Wakikuyu mukawa. Kitaalamu ni *Carissa spinarum*, ingawa vitabu vingi bado hutumia jina la zamani, *Carissa edulis*. Kisonjo ni lugha ya Kibantu, na mu- ya mwanzo ndiyo m- ya mtandamboo.

Kichaka hiki kina miiba mirefu iliyonyooka na utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake meupe hunukia, na matunda huanza mekundu, yakiiva huwa meusi, nayo huliwa. Sehemu inayotumika zaidi kwa dawa ni mizizi, ambayo huchemshwa.

Nje ya Loliondo, eneo la Wasonjo kaskazini mwa Tanzania, jina mugariga halikujulikana sana hadi 2011, mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, alipowapa maelfu ya watu dawa hiyo kijijini Samunge kwa shilingi 500 kikombe. Haikuthibitishwa kuponya UKIMWI wala kisukari. Hata hivyo wengi walikumbuka zaidi “kikombe cha Babu” kuliko jina la mmea wenyewe.