Leseni ya Mtu, Mzigo wa Halmashauri

Katika nusu karne iliyopita, sheria za afya za Tanzania Bara zimeliacha jengo na kumfuata mtu. Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977 ilihangaika na nani anaruhusiwa kumiliki hospitali, na ikawafungia mlango waliotaka kutibu kwa faida hadi iliporekebishwa mwaka 1991. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, kisha Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Afya Shirikishi ya mwaka 2017, zinamuuliza mtumishi mwenyewe: umesajiliwa, leseni yako iko hai, unafanya kazi ndani ya mipaka ya taaluma yako? Ninaunga mkono mwelekeo huo. Kasoro yake ni kwamba umeishia kwa mtumishi, na mwajiri hakuguswa.

Tuitazame Lembeni, tambarare ya wilaya ya Mwanga kwenye barabara iendayo Same. Huko Upareni watu wana msaragambo: kijiji kizima hutoka kuchimba mfereji au kusomba mawe ya shule. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulipotaka, mwaka 2007, kila kijiji kiwe na zahanati, ulitegemea nguvu za aina hiyo nchi nzima. Kuta zilisimama. Lakini mkunga mwenye leseni hapatikani kwa msaragambo. Ikama ya Wizara ya Afya ya 2014 hadi 2019 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Zahanati nyingi za vijijini huendeshwa na wawili au watatu, mmoja wao yuko likizo.

Fikiria usiku mmoja katika zahanati ya aina hiyo. Mama amejifungua na damu haikomi. Nesi wa zamu, aliye peke yake, anachoma oksitosini, anakanda tumbo, anatundika dripu, anapiga simu ya gari la wagonjwa huku akiandika rufaa. Nje kuna mtoto mwenye homa kali. Nesi huyohuyo atampima malaria, kazi iliyo chini ya sheria ya wataalamu wa maabara ya mwaka 2007. Atamwandikia dawa, kazi ya tabibu. Atamtolea dawa hizo, kazi inayosimamiwa na Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Ukifuata vitabu, amevuka mipaka mara tatu kabla hakujapambazuka. Asingevuka, tungemwita katili.

Likitokea la kutokea, anayeitwa mbele ya baraza la taaluma yake ni yeye. Baraza hilo liko upande wa Wizara ya Afya, ilhali mwajiri wake ni halmashauri, iliyo chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Baraza linaweza kumsimamishia leseni nesi. Haliwezi kumwamuru mkurugenzi wa halmashauri alete nesi wa pili. Wakati wa kuhuisha leseni pia, ada na pointi za mafunzo endelevu ni juu ya mtumishi, hata kama hana wa kumwachia zamu aende kusoma.

Wapo wanaosema basi leseni zilegezwe vijijini. Sikubaliani nao. Daftari la usajili ndilo linalomkinga mgonjwa dhidi ya vishoka, na mwanakijiji hastahili kinga hafifu kuliko mtu wa Moshi mjini. Upungufu ukidai mipaka ipanuliwe, ipanuliwe kwa mafunzo na kwa maandishi, kama nchi ilivyofanya tangu miaka ya 1960 kwa madaktari wasaidizi waliofundishwa upasuaji wa uzazi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwafikisha 137,294 kwa miaka mitano, watasaidia sana katika elimu na ufuatiliaji wa kaya. Hawatazalisha.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itaongeza foleni katika zahanati hizihizi. Kabla foleni haijarefuka, sheria za mabaraza zirekebishwe kwa mambo mawili: halmashauri ilipie ada na muda wa mafunzo ya watumishi inaowaajiri, na katika kila shauri la nidhamu, mwajiri awe wa kwanza kueleza zamu ile ilikuwa na watumishi wangapi na ikama ilitaka wangapi. Wabunge wa Mwanga na Same wana kila sababu ya kuipeleka hoja hiyo Dodoma.