Wotaskii na Boti: Hobi Unaweza Kuanzia Gatuanyaga na Ukazeeka Nayo

Ukisikia mtu anasema hobi yake ni wotaskii, najua picha inakuja kwa akili yako. Sonko fulani, miwani meusi, boti nyeupe, mziki juu. Halafu unajiangalia, uko zako Gatuanyaga, vumbi hadi kwa masikio, unasema hiyo si yangu.

Tulia kwanza. Angalia ramani. Upande mmoja tuko na Thika River, ile inashuka hadi Masinga na kuingia Tana. Upande ule mwingine kuna Athi, inapita Fourteen Falls, inabadilisha jina kuwa Galana halafu Sabaki, inamwagika baharini karibu na Malindi. Yaani mtaa wetu umekaa katikati ya mito miwili inayofika Bahari ya Hindi, na wengi wetu hatujui kuogelea. Hapo ndipo story iko.

Hii hapa ni rada kamili: mchezo wenyewe ni nini, unaanzia wapi, na vile utaucheza hadi uwe guka au cucu bila kuletwa nyumbani ukiwa umefunikwa blanketi.

Wotaskii ni nini hasa?

Ni kuvutwa na boti ya injini ukiwa umesimama juu ya mbao mbili, au moja ukishakuwa mnoma. Kamba ya kawaida ni karibu mita 23. Mtu mzima anayeanza kwa mbao mbili huvutwa kwa kasi ya kama kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Kwa barabara hiyo ni mat inayoenda polepole. Kwa maji ni kama unapaa.

Mashindano yako na sehemu tatu kubwa. Ya kwanza ni slalom, unazunguka maboya sita kushoto kulia. Ya pili ni mitindo, unageuka na kuruka kwa mbao moja fupi. Ya tatu ni kuruka kutoka kwa ngazi iliyoinama. Halafu kuna watoto wake: wekibodi, ambapo unasimama upande kama msee wa sketibodi, na ile ya miguu mitupu bila mbao kabisa.

Nani alianzisha?

Kijana wa miaka 18. Anaitwa Ralph Samuelson, wa Lake City, Minnesota, Marekani. Mwaka wa 1922 alijaribu kwanza na mbao za mapipa, zikakataa. Akajaribu skii za theluji, pia zikakataa. Akatafuta mbao mbili pana, akachemsha ncha kwa sufuria ya mamake hadi zikalainika, akazikunja zitazame juu. Kamba yake ilikuwa ya kuanika nguo. Tarehe 2 Julai 1922, siku moja kabla afikishe miaka 19, akasimama juu ya Lake Pepin.

Miaka mitatu baadaye aliruka kutoka kwa ngazi iliyopakwa mafuta ya nguruwe ili iteleze. Mwaka wa 1972 mchezo ulionyeshwa kwa Olimpiki ya Munich, ingawa haukuhesabiwa medali.

Sasa niambie hapo sonko ni nani. Sufuria ya matha na kamba ya nguo.

Hatua ya kwanza: jifunze kuogelea, wacha ujuaji

Nitasema ukweli wangu. Nilipoacha college, mbogi yangu ilinipeleka out kwa maji fulani ambayo sitataja. Tukapanda boti ya mbao, wasee tisa, laifu jaketi zero. Nikauliza, mwenye kasia akacheka, akasema boti haijawahi kupinduka. Tukiwa katikati, msee mmoja akasimama apige selfie. Boti ikaegemea, maji yakaingia hadi kwa viatu. Haikupinduka. Lakini nilishikilia ule ubao hadi kucha ikavunjika, na nikajua kitu kimoja: ikipinduka, mimi naenda chini kama jiwe.

Na huku kwetu si mzaha. Kuanzia Thika hadi Juja na Ndarugo kuna mashimo ya machimbo ya mawe yaliyojaa maji. Yanakaa poa, yametulia. Lakini kingo ni kama ukuta, ukitumbukia hakuna mahali pa kushika. Uliza mtaani kwako, hutakosa mtu anayejua familia iliyozika mtoto kwa sababu ya shimo kama hilo.

Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 23, kwa pool ya Thika, katikati ya watoto wa class two waliokuwa wananipita wakicheka. Aibu ni ya siku tatu. Baada ya hapo unaelea.

Lengo lako la kwanza si mbio. Ni kuelea kwa mgongo bila kupaniki, kupumua vizuri, na kukaa juu ya maji kwa dakika kadhaa. Na hata ukishajua, laifu jaketi bado ni lazima. Kuogelea hakusaidii kama umegongwa kichwa na mbao.

Hatua ya pili: boti bila injini

Usikimbilie boti ya kuvuta kama hujawahi kaa kwa boti. Anza kwa kasia.

Fourteen Falls ndiyo iko karibu. Unapata mat Thika ya kuelekea Kilimambogo au Ol Donyo Sabuk, halafu nduthi. Maporomoko yana kimo cha karibu mita 27, na vijana wa hapo huvusha wageni kwa boti za mbao. Hapo hakuna wotaskii, usidanganywe. Mto una mawe, mkondo na viboko. Lakini ni mahali pazuri pa kuangalia vile boti inakaa kwa maji: uzito uwe katikati, keti chini, usisimame ghafla, songa mmoja mmoja. Pelekwa tu na msee wa hapo anayejua mto, na ukiona hakuna laifu jaketi, piga picha ukiwa kwa mawe urudi home.

Sagana nayo ni kama saa moja hivi kutoka Thika. Pale kwa Tana kuna rafting na kayaki, na unapewa helmeti, jaketi na mtu wa kukuongoza. Ni shule nzuri, kwa sababu inakufundisha kuanguka kwa maji na kutopaniki.

Masinga, lile bwawa kubwa la Tana lililokamilika 1981, pia lina safari za boti. Lakini kuna mamba na viboko. Huko unakaa ndani ya boti, mkono pia ndani.

Wapi Kenya watu wanacheza wotaskii?

Naivasha ndiyo ya karibu kwetu. Ziwa ni pana, maji si ya chumvi, na kuna watu wa boti miaka mingi. Kabla uhuru ndege za kutua majini zilikuwa zinashukia hapo. Nenda asubuhi, kwa sababu mchana upepo huinuka na maji yanakuwa na mawimbi madogo yanayosumbua mtu anayeanza. Viboko hupenda karibu na mafunjo, kwa hivyo watu wa skii hukaa maji wazi yenye kina, na dereva awe msee anayejua ziwa.

Coast nayo ni creek: Kilifi, Mtwapa, Tudor. Creek ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi, kwa hivyo mawimbi makubwa hayafiki. Uliza mambo ya maji kujaa na kupwa kabla uingie. Maji yakipwa, mahali palipokuwa na kina panakuwa mchanga au matumbawe.

Kuhusu doo: boti ya kuvuta hukodishwa kwa muda, si kwa kichwa. Ndiyo maana mbogi ya wasee wanne wakibadilishana ni nafuu kuliko wewe peke yako. Uliza bei kabla, uliza kama mafuta na mwalimu wako ndani, na usilipe kabla uone boti na majaketi.

Vile unasimama mara ya kwanza

Wengi huanguka kwa sababu wanajaribu kusimama. Shika hii:

1. Uko kwa maji na jaketi, umechutama kama mtu kwa kiti kidogo. Magoti yako karibu na kifua.
2. Ncha za mbao ziko juu ya maji, kamba iko katikati yake.
3. Mikono imenyooka. Usivute kamba kuja kwako.
4. Boti ikianza, kaa hivyo hivyo. Acha maji yakusukume miguu, boti ikuinue.
5. Ukishahisi mbao zimetulia juu ya maji, nyooka polepole, magoti yabaki yamelegea.
6. Angalia mbele, si miguu. Ukiangalia chini, unaenda chini.
7. Ukianguka, achilia kamba mara moja. Na usiwahi kuizungusha kwa mkono au kidole, hata kwa mchezo. Kamba inaweza kukata kidole.

Utaanguka mara tano, kumi. Ni kawaida. Samuelson pia alianguka siku kadhaa.

Lugha ya mikono

Injini ina kelele, dereva hakusikii. Kwa hivyo kuna ishara zinazotumika kote:

- Dole gumba juu: ongeza kasi.
- Dole gumba chini: punguza.
- Kidole gumba na cha kwanza vikiunda duara: kasi iko sawa.
- Kupiga kichwa kwa kiganja: nirudishe.
- Mkono ukipita shingoni: simama.
- Umeanguka, mikono imeshikana juu ya kichwa: niko sawa. Usipoifanya, wanajua kuna shida.

Kwa sababu hiyo boti inahitaji watu wawili: mmoja anaendesha akiangalia mbele, mwingine anakuangalia wewe muda wote. Boti ikiwa na dereva peke yake anayegeuza shingo, kataa.

Sheria za boti ambazo zinaokoa maisha

Maji hayana taa za trafiki lakini yana sheria. Boti mbili za injini zikikutana uso kwa uso, kila moja inaenda kulia. Anayepita mwingine kutoka nyuma ndiye anayekaa mbali. Boti ya injini kwa kawaida inapisha ya tanga.

Dereva akirudi kukuchukua, injini inazimwa kabla umkaribie. Propela haichagui. Boti nyingi za injini zina kamba fupi ya kuzima. Dereva anaifunga kwa mkono au kwa jaketi, na akirushwa nje, injini inakufa. Mwulize iko wapi. Na pombe ni baada ya boti kufungwa, si kabla.

Kwa Kenya, mambo ya usalama wa vyombo yako chini ya Kenya Maritime Authority. Kuuliza kama boti imekaguliwa si kiburi. Ni haki yako.

Pia kuna kichocho, ile wengi huita bilhazia. Inaishi kwa maji matamu yaliyotulia yenye konokono na majani. Ukiwa umecheza kwa ziwa au mto kisha uone damu kwa mkojo au tumbo lisumbue, enda upimwe. Inatibika kwa dawa.

Kwa nini inadumu maisha yote

Mpira ukifika 35 magoti yanaanza kulalamika. Wotaskii iko na makundi ya mashindano kuanzia hiyo 35 kwenda juu, na kuna wazee waliopita 80 wanaoshindana. Sababu ni rahisi: unapunguza kasi, unabadilisha mbao, unaendelea. Siku mwili ukikataa kuvutwa, unaendesha boti. Ukichoka kuendesha, unakaa nyuma ukiangalia mjukuu wako.

Enda Lamu uone. Nahodha wa mashua ana mvi kichwa chote na bado anasoma upepo wa kusi na kaskazi kuliko simu yako. Hakuanza akiwa mzee. Alianza akiwa mtoto, akichota maji yaliyoingia ndani ya chombo.

Na usiseme mwili wako haufai. Asiya Mohamed wa Mombasa alipoteza miguu yote miwili kwa ajali ya treni akiwa mtoto mdogo. Mwaka wa 2021 alipiga kasia kwa Paralympics ya Tokyo, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo.

Kitu cha mwisho: maji yenyewe

Miaka ya 1950 Nairobi Dam ilikuwa maji wazi, na watu walikuja kushindana kwa boti za tanga. Leo pita pale karibu na Kibera. Ni magugu na taka, boti haiwezi kupita.

Na Nairobi River inaingia Athi kabla ya Fourteen Falls. Kile kinatupwa kwa mtaro huko Nairobi ndicho kinatufikia kikiwa povu na harufu, haswa wakati wa kiangazi. Huwezi kuwa na hobi ya maisha yote kwa maji yanayokufa kabla yako.

Kwa hivyo mpango ni huu. Mwezi huu, pool. Ukishaelea, Sagana na kasia. Mkichanga na mbogi, Naivasha asubuhi na mapema. Na siku mtu atakuambia panda tu, boti haijawahi kupinduka, mwangalie machoni umuulize: jaketi yangu iko wapi?